Kifaa Kisicho na Jina

Kaka yangu Faruku ni fundi wa kamera za ulinzi. Tuna duka moja hapa Kasese, upande wa Nyamwamba. Mimi nauza chaja na makava ya simu mbele, yeye ana meza yake nyuma, imejaa waya na misumari. Haya ninayosimulia yalimpata yeye, kule Bwera karibu na mpaka wa Kongo, mwaka juzi. Hakunieleza kwa siku moja. Alinieleza kidogo kidogo, wiki nzima, kila mara anakatiza katikati na kutoka nje kuvuta pumzi. Lakini mwisho wake niliuona kwa macho yangu mwenyewe, na ndiyo maana nathubutu kuusema.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Jua lilikuwa zuri, mlima unaonekana wote bila wingu. Nilikuwa nabandika kioo kipya kwenye simu ya mteja wakati simu ya Faruku ilipolia. Mikono yake ilikuwa na gundi, kwa hiyo akaweka sauti ya nje.

"Fundi, miye Mubarak wa Bwera. Ile kamera ya baraza inanisumbua. Kila siku inakatika, simu inanilia. Zingine zote iko muzuri, ni ile moja tu."

Mubarak nilimjua kwa jina. Malori yake hubeba mizigo kutoka Mpondwe mpakani hadi Butembo, Kongo, na yeye mwenyewe hulala barabarani zaidi kuliko nyumbani.

"Inakatika saa ngapi, mzee?" Faruku akauliza.

"Saa kumi na dakika makumi mbili."

"Kila siku hiyo hiyo?"

"Kila siku, fundi. Haikose hata siku moya."

Faruku akacheka, akasema basi hiyo ni kamera yenye adabu, inajua kutunza saa. Mubarak hakucheka. Alikata simu.

Kesho yake kaka yangu alifunga ngazi ndogo kwenye pikipiki, akapita Kikorongo, akafika Bwera kabla ya adhuhuri. Nyumba ni kubwa, geti jekundu, ukuta mrefu, migomba nyuma. Ilifungwa mitambo na fundi mwingine kutoka Kampala, miaka minne nyuma. Kamera zilikuwa nne. Sebuleni, karibu na televisheni, kulikuwa na kisanduku cheupe kilichounganisha kila kitu: kamera, taa, geti, na spika ya kuongelea. Mwenye nyumba akiwa Butembo angeweza kufungua geti kwa simu, akaona nani anaingia, akamsemesha.

Aliyempokea ni mke wa Mubarak, anaitwa Nasifah. Mwanamke mpole, ushungi wa kijivu, macho ya mtu asiyelala vizuri. Alimpa chai na mandazi. Faruku alipoinuka kuchukua ngazi, akamfuata hadi mlangoni.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "zile zingine angalia. Ile ya baraza uwache."

"Mama, mzee ameniita kwa sababu ya hiyo hiyo."

"Najua. Uwache tu."

Faruku alidhani anaogopa matengenezo yataharibu kitu. Akamtuliza, akapanda ngazi.

Alifanya kama anavyofanya siku zote. Alipima umeme kwenye adapta, ukawa sawa. Alikata vichwa vya waya na kuvifunga upya. Alisogeza ruta ya intaneti karibu na dirisha, akazima, akawasha, akabadilisha neno la siri. Akaifuta kamera kwenye mfumo na kuiunganisha tena kama mpya. Hadi saa kumi kamili picha ilikuwa safi kwenye simu yake: sakafu ya baraza ya vigae, kiti kimoja, ua, geti.

Saa kumi na dakika ishirini picha ikaganda. Maandishi yakatokea: kamera haipatikani.

Lakini taa ndogo ya kijani kwenye kamera yenyewe, hapo mbele ya uso wake, ilikuwa inawaka. Kamera ilikuwa hai. Ilikuwa inafanya kazi. Ila haikuwa inamfanyia kazi yeye.

Akiwa bado juu ya ngazi, alisikia spika ya sebuleni ikikwaruza. Akachungulia dirishani. Nasifah alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kisanduku cheupe, sikio limekaribia kugusa spika, mkono umeziba mdomo wake. Alikaa hivyo dakika nne. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kisha picha ikarudi kwenye simu. Baraza, kiti, ua, geti. Faruku aliitazama vizuri. Saa iliyoandikwa kwenye picha ilikuwa sahihi, sekunde zinasogea. Kamera ilikuwa inamtazama kwa karibu, ngazi na yeye juu yake.

Kwenye picha hakukuwa na ngazi. Hakukuwa na mtu. Picha ikaruka mara moja, ndipo akajiona.

Usiku huo alilala nyumba ya wageni Mpondwe. Alinipigia, akaniambia kazi imekuwa ngumu kidogo, atabaki. Kuhusu picha hakusema neno.

Jumatano alijaribu kitu ambacho kila fundi hujaribu. Aliishusha kamera ile, akafunga nyingine mpya kutoka kwenye boksi, mahali pale pale. Kama ni ugonjwa wa kamera, ungeondoka nayo. Saa kumi na dakika ishirini ile mpya nayo ikakatika. Basi akashuka ngazi, akaingia sebuleni bila kubisha hodi. Nasifah hakumfukuza. Alisogea kidogo tu, akampa nafasi.

Spika ilikuwa inapumua. Pumzi fupi fupi, za haraka. Kisha sauti ya mtoto wa kike.

"Baba, unaniona?"

Kimya.

"Baba. Niko hapa."

Nasifah akainama. "Baba yako iko safari, mwanangu," alinong'ona. "Mimi nakuona. Mama anakuona."

Hakuwa anamwona. Kila alipotazama nje, baraza ilikuwa tupu.

"Baba, unaniona?"

Spika ikakwaruza, ikanyamaza. Nasifah alijifuta uso na ncha ya ushungi, akamweleza.

Walikuwa na binti mmoja, Hidayah. Mubarak aliweka ile mitambo kwa ajili yake, ili yeye baba amwone akiwa safarini. Kila siku mtoto akifika kutoka shule, saa kumi na dakika ishirini, baba yake humfungulia geti kwa simu akiwa Butembo. Mtoto husimama barazani chini ya kamera, anainua uso, anauliza, "Baba, unaniona?" Baba anamjibu, "Nakuona, mama yangu." Ulikuwa mchezo wao. Majirani walikuwa wanauona na kucheka.

Siku moja Nasifah alikuwa soko la Mpondwe. Hidayah alitoka shule na homa. Baba yake alimfungulia geti kama kawaida, akajua mtoto amefika. Mama aliporudi jua linazama, alimkuta amelala kwenye vigae vya baraza, begi bado mgongoni. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alikuwa ameshapoa. Alikuwa na miaka saba.

"Ni miaka mitatu sasa," Nasifah alisema. "Sauti ilianza siku ya arobaini. Sijamwambia mtu. Watu wa hapa wakijua, watasema tumemfanyia mtoto uchawi tupate malori. Wengine walishasema. Na baba yake akijua, ataleta masheikh wamsomee, wamfukuze. Nakuomba, fundi. Nina dakika nne kwa siku. Uniachie."

Faruku akamwahidi, akairudisha kamera ya zamani mahali pake.

Hapa ndipo kaka yangu alipokuwa akikatiza na kutoka nje.

Jioni ile Mubarak alimpigia tena. Alisema wezi wameruka ukuta wa jirani, na kama Faruku hawezi, atamleta fundi mwingine kesho yake. Faruku akakaa kitandani pale nyumba ya wageni, akafungua mipangilio ya mfumo ule kwenye kompyuta yake, asijue hasa anatafuta nini. Ndani yake kuna orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuingia kwenye kamera. Ukiacha simu yake mwenyewe aliyoiunganisha Jumanne, cha kwanza kilikuwa simu ya Mubarak. Cha pili, simu ya Nasifah.

Kulikuwa na cha tatu.

Hakikuwa na jina wala namba. Kilionyesha tarehe kiliporuhusiwa, na ilikuwa tarehe ile ile Nasifah aliyomtajia, ya kufa kwa mtoto. Kila siku kilikuwa kinaingia kwenye kamera ya baraza, na mfumo ule ukishachukuliwa na mmoja kwa maongezi, wengine wote hukatwa. Ndiyo sababu simu ya Mubarak ilikuwa inalia. Kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa na mtu mwingine.

Pembeni iliandikwa nguvu ya mawimbi ya kifaa hicho. Ilikuwa imejaa kabisa. Mawimbi ya namna hiyo ni ya kitu kilicho chini ya kamera, hatua moja au mbili.

Kaka yangu si mtu mbaya. Nataka hili lieleweke. Aliniambia kwamba alipoona kile kifaa, hofu ilimtoka na hasira ikaingia. Aliona amelipata jibu: kuna mtu hai, jirani au adui wa Mubarak, aliyeiba sauti za zamani za mtoto, sasa anamtesa mama wa watu kila alasiri. Alimhurumia Nasifah. Alidhani anamwokoa.

Akabonyeza kifaa cha tatu. Mfumo ukauliza kama ana hakika anataka kukiondoa. Akasema ndiyo.

Alhamisi alifika mapema, akiwa na moyo mwepesi. Hakumwambia Nasifah kitu, alitaka kwanza awe na uhakika. Saa kumi na robo mama alikuja sebuleni kama kawaida yake. Alikuwa amevaa kitenge kizuri. Faruku aligundua siku hiyo kwamba kila siku alikuwa anavaa vizuri saa hiyo. Akapiga magoti.

Saa kumi na dakika ishirini. Picha haikukatika.

Dakika ikapita. Spika kimya. Nasifah akasogeza sikio.

"Hidayah?"

Dakika ya pili.

"Mwanangu. Mama iko hapa."

Dakika ya nne ikapita. Ya sita. Kwenye simu ya Faruku picha ilikuwa safi kuliko siku zote. Mama akageuka taratibu.

"Umefanya nini?"

Akamweleza. Orodha, kifaa, mawimbi, adui. Alipokuwa anaongea alisikia maneno yake yakiisha nguvu. Nasifah hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Ulipomtoa, alisema kitu?"

Kisha akainuka, akatoka nje hadi barazani, akakaa chini kwenye vigae. Hakuingia ndani hadi Mubarak alipofika.

Maana alimpigia mumewe yeye mwenyewe, akamwambia yote. Mubarak aliliacha lori Kasindi, upande wa Kongo, akavuka mpaka kwa miguu. Ijumaa asubuhi alikuwa nyumbani. Faruku alikuwa hajaondoka, hakuweza. Alidhani atapigwa. Mubarak alipita mbele yake bila kumtazama, akasimama chini ya kamera. Mtu mzima, mkubwa wa mwili. Midomo ilikuwa inacheza kabla sauti haijatoka.

"Ile siku nilimuona," alisema.

Mkewe akainua uso.

"Nilimuona kwa simu. Sauti haikuunganika. Nilimuona tu akifungua kinywa. Akainua mukono, hivi. Nikasema mutoto wangu ananisalimia." Akainua mkono wake mwenyewe, akaupunga polepole hewani. "Na miye nikamupungia. Nikacheka. Kisha nikarudi kwa mizigo."

Nasifah hakuwa amejua hilo. Miaka mitatu hakuambiwa. Faruku alisema hajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

"Kila siku simu ikinilia saa ile, najua ni saa yake. Naogopa kufungua. Nilitaka itengenezwe inyamaze." Akamgeukia kaka yangu, na sasa alikuwa analia wazi kama mtoto. "Kumbe alikuwa ananiita. Kila siku. Nasifah alimuitikia, lakini alikuwa anaita miye. Fundi, umurudishe. Nakusihi. Nimujibu mara moya tu."

Faruku alijaribu. Alijaribu mchana kutwa. Lakini mfumo ule umetengenezwa hivyo: kifaa kikishaondolewa, hakuna anayeweza kukirudisha kutoka ndani. Lazima chenyewe kiwe karibu, na chenyewe kiombe. Ombi linatokea kwenye simu ya mwenye nyumba, naye anakubali au anakataa.

"Basi tutangoja aombe," Mubarak alisema.

Alasiri ile wakakaa wote watatu barazani. Mubarak aliweka simu kwenye kiganja kama mtu anayebeba yai. Saa kumi na dakika ishirini alianza kusema, kabla hata ya kuulizwa.

"Nakuona, mama yangu. Baba anakuona. Baba iko nyumbani."

Upepo ulikuwa unatikisa migomba. Hakuna kilichoomba.

Mubarak hakurudi tena barabarani. Malori alimwachia mdogo wake. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa barazani na simu kiganjani, Nasifah pembeni yake, na saa ikifika alirudia maneno yale yale. Faruku alikuwa akienda kila Jumapili, hata pale ambapo hakuna cha kutengeneza. Alikuwa anakaa nao tu. Ilikwenda hivyo wiki tisa. Majirani walianza kupita upande wa pili wa barabara.

Wiki ya kumi Nasifah aliomba kamera ishushwe. Alisema ile taa ya kijani inamuumiza, inawaka bila mtu. Mubarak alikataa, kisha akakubali. Faruku akaifungua ukutani, akaja nayo dukani kwetu, akaiweka juu ya meza.

Siku mbili hakuigusa. Siku ya tatu, mchana, duka likiwa halina mteja, aliniita nisimame karibu naye. Alitaka kuifungua aone kama bodi yake bado nzima, labda kumbukumbu ya kile kifaa imebaki mahali. Kamera ile hufungwa kiwandani kwa skrubu nne, na juu ya kila skrubu kuna kibandiko kinachopasuka ukikigusa. Alinionyesha vyote vinne. Vilikuwa vizima. Alivipasua mbele yangu, akatoa skrubu, akafungua ganda kwa kucha.

Kitu kikaanguka mezani. Kidogo, cheupe. Kikaviringika, kikasimama kwenye kishimo cha meza.

Kilikuwa jino.

Tundu kubwa kuliko yote kwenye kamera ile ni la waya, na jino lile lisingepita hata nusu. Nililifunga kwenye karatasi, nikalipeleka kwa Alisi, rafiki yangu wa tangu shule, anayefanya kazi ya meno kwenye kliniki moja hapa mjini. Sikumwambia limetoka wapi. Aliligeuza kwenye mwanga.

"Ni gego la juu la utotoni," alisema. "Halijang'olewa, hili limetoka lenyewe. Unaona huku chini? Mzizi umeisha. Jino la kudumu lilikuwa linalisukuma." Akanirudishia. "Mtoto wako? Hapana, wewe huna. Ni wa miaka kumi hivi. Wa chini ya hapo magego yake bado yana mizizi."

Nilihesabu nikiwa nimesimama pale. Saba, na mitatu.

Tulipanda pikipiki siku hiyo hiyo. Njia nzima nilikuwa nimeshika kile kikaratasi ndani ya ngumi. Tuliwakuta wote wawili barazani. Kaka yangu alishindwa kuongea, kwa hiyo niliwaeleza mimi: skrubu, vibandiko, Alisi alivyosema. Mubarak akafunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa ameelewa kama nilivyoelewa, kwamba mtoto wake hakubaki wa miaka saba. Kwamba muda wote ule alikuwa anakua mahali fulani, hatua moja au mbili kutoka pale.

Nasifah alinyoosha kiganja. Nikaliweka jino. Alilitazama muda mrefu, akalipangusa kwa kidole gumba kama mtu anayemfuta mtoto mdomo.

"Na lile jipya," aliniuliza kwa sauti ya chini sana, "limeota vizuri?"